Mkutano wa wanaoacha pombe: si kanisa, si hospitali, wala si Freemason

Tangazo lilisema 6:30. Shemeji yangu akaomba ruhusa kazini kwake Kariakoo, akasema anakwenda kumwona mgonjwa, akapanda daladala mbili, na saa sita na nusu mchana juu ya alama akawa amesimama mbele ya mlango wenye kufuli. Mlinzi akamtazama kidogo, kisha akamwambia: "Wale wa kupanga viti? Hao wanakuja jioni, kaka. Saa kumi na mbili na nusu."

Aliyeandika tangazo alihesabu saa za Kizungu. Kutoka mlango ule hadi kituoni kuna grosari mbili. Shemeji aliipita ya kwanza.

Ameniruhusu kusimulia, mradi nisitaje jina wala mtaa. Nimeanza na kufuli lile kwa sababu nimeshaona watu kadhaa hapa Dar ambao nia ya kuacha pombe wanayo, tena kali, ila wanazuiwa na vitu vidogo kama hicho, au na maneno ya kijiweni. Kila msanii anapopelekwa soba hausi, lazima mmoja aseme "si aende AA?", yaani Alcoholics Anonymous, mikutano ya wanaosaidiana kuacha pombe. Majibu yanayofuata nimeshayazoea: AA ni ya wazungu wa Masaki. AA ni kanisa. AA ni pale Mwananyamala watu wanapopanga foleni ya dawa asubuhi. AA ni Freemason, ndiyo maana hawatajani majina.

Hayo yote yana jibu, lakini tuanze na maneno yenyewe, maana nusu ya mkanganyiko imejificha humo.

Mlevi, mraibu, na "kichupa kimoja tu"

Kulewa ni hali ya jioni moja. Mtu anaweza kulewa chakari harusini na asiwe na tatizo lolote zaidi ya kichwa kinachogonga kesho yake. Uraibu ni pale mwili na akili vimeshazoea pombe kiasi kwamba mtu anaendelea kunywa ingawa anaona kabisa inamharibia kazi, ndoa au ini. Na mraibu si lazima ayumbe barabarani. Yupo anayeendesha gari, anayesaini hundi, anayesimamia mafundi, ilimradi saa nne asubuhi awe amepata cha kuzimua.

Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 linaloitwa AUDIT, na hospitali nyingi hulitumia. Linauliza mambo ya kawaida kabisa. Unakunywa mara ngapi? Umewahi kushindwa kusimama ukishaanza? Umewahi kuhitaji kinywaji asubuhi ili siku ianze? Kuna ndugu, rafiki au daktari aliyewahi kukushauri upunguze? Ukiyajibu bila kujidanganya, utajua umesimama wapi kabla hata hujamwona mtu.

Kujidanganya kwenyewe huanzia kwenye kipimo. Watu hupima pombe kwa ukubwa wa chupa, wakati mwili unapima pombe iliyomo ndani. Bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi. Kichupa cha pombe kali cha mililita 200, chenye asilimia 35, kina gramu kama 55. Kwa hiyo anayejisifu kwamba yeye siku hizi hanywi, "anagonga kichupa kimoja tu" kabla ya kulala, kila usiku anakunywa karibu bia tatu, na kwa mkupuo. Gongo sitaipigia hesabu maana haina lebo. Viroba tulivipigia marufuku tarehe 1 Machi 2017. Vikaondoka dukani, kiu ikabaki pale pale ikatafuta chupa nyingine.

Sasa yale mambo manne yanayochanganywa.

Kliniki ya afya ya akili hospitalini ni mahali pa daktari, vipimo na dawa. Methadoni ni dawa ya waraibu wa heroini. Ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, baadaye Mwananyamala na Temeke, na wale unaowaona kwenye foleni ya asubuhi wamefuata hiyo. Haitibu uraibu wa pombe hata kidogo, na kuichanganya na pombe kunaweza kusimamisha pumzi. Soba hausi, ambazo serikali inaziita nyumba za upataji nafuu, ni mahali pa kuishi: unaingia na begi, unakaa miezi, unalipiwa ada. Na mkutano ni saa moja au moja na nusu kwenye chumba cha kuazima, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki, wanazungumza, halafu kila mtu anarudi kwake. Hauna kitanda, hauna dawa, hauna daftari la mahudhurio.

Mikutano nayo ina majina. AA ni ya wenye tatizo la pombe. NA (Narcotics Anonymous), iliyoanza California mwaka 1953, ni ya waraibu wa dawa za kulevya, ila wao huihesabu pombe kuwa dawa ya kulevya kama nyingine, kwa hiyo mnywaji hafukuzwi mlangoni. Hili ni la kulishika hapa kwetu, kwa sababu soba hausi nyingi zinafuata mpango ule ule wa AA na NA, wa hatua kumi na mbili (nitazieleza mbele), na waliotoka humo ndio mara nyingi wanaoendesha mikutano ya mtaani. Al-Anon, ya tangu 1951, si ya mnywaji kabisa. Ni ya mke, mume, mama, mtoto wa mnywaji. Nitairudia.

Simu ya hotelini

Asili ya haya yote ni kisa kimoja, na kisa chenyewe kinaeleza mkutano unavyofanya kazi kuliko maelezo yangu.

Mei 1935, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York aitwaye Bill Wilson alikuwa hotelini mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa na miezi mitano bila pombe baada ya miaka ya kuharibikiwa. Dili lililompeleka Akron lilikuwa limekufa, mfukoni hana kitu, na upande mmoja wa ukumbi wa hoteli ilikuwa baa, vicheko vinasikika. Upande wa pili kulikuwa na simu na orodha ya makanisa. Akaanza kupiga, akiomba aunganishwe na mlevi yeyote wa mji ule ambaye hajaweza kuacha.

Soma tena ombi lile. Hakuomba mchungaji amwombee, wala daktari. Aliomba mlevi mwenzake, kwa sababu alikuwa ameshagundua kwamba siku anazokaa na mlevi mwingine akimweleza yaliyomkuta, yeye mwenyewe hanywi. Akaunganishwa na daktari mpasuaji, Bob Smith, aliyekuja shingo upande na kuahidi dakika kumi na tano. Waliachana usiku. Daktari yule alikuwa ameshasikiliza nasaha za kila aina, lakini hii ilikuwa mara ya kwanza anasikilizwa na mtu ambaye naye ameficha chupa. Alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo AA inaihesabu kuwa ya kuzaliwa kwake.

Watanzania tunaijua kanuni hii tayari, ila kwa jina jingine. Wakati wa miaka migumu ya UKIMWI, elimu ya mabango ilifanya kazi yake, lakini mtu aliyepata majibu leo asubuhi alituliwa na mwenzake aliyekuwa anameza dawa mwaka wa tatu, kanenepa, anachekesha. Ndipo vikundi vya WAVIU, watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, vilipopata nguvu, na Konga zao, yaani mitandao yao, zipo kwenye halmashauri hadi leo. Mkutano wa wanaoacha pombe ni mti wa jamii hiyo hiyo. Ndio maana huitwa msaada wa rika: rika la tatizo, si la umri. Kijana wa bodaboda anaweza kukaa na mhasibu mstaafu wakaelewana kwa nusu sentensi.

Je, inasaidia kweli, au ni faraja tu? Mwaka 2020 watafiti wa Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaochambua tafiti za tiba, walikusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Waliounganishwa na AA kwa utaratibu mzuri, asilimia 42 hivi walikuwa hawanywi kabisa baada ya mwaka, ukilinganisha na 35 kwa waliopewa tiba nyingine, zikiwemo zile za ushauri wa kitaalamu. Tofauti ipo, haihitaji kutiwa chumvi. Lakini angalia upande wa pili: zaidi ya nusu walikuwa wamekunywa angalau mara moja. Anayekuahidi kwamba ukienda mkutano mmoja umepona, anakuuzia kitu, na mikutano hii haiuzi.

Kama mkono unatetemeka asubuhi, anzia hospitali

Hapa naomba msomaji apunguze mwendo. Tunapenda kusema "acha leo leo, ni nguvu ya nia tu." Kwa anayekunywa wikiendi, sawa. Kwa anayekunywa kila siku kwa miaka, kuacha ghafla kunaweza kumuua. Tena cha ajabu ni kwamba arosto (mateso ya mwili unapokosa kilevi ulichozoea) ya heroini, ambayo inaogopwa na kila mtu, kwa kawaida inatesa bila kuua, wakati ile ya pombe, kitu cha halali kinachouzwa kila kona, ndiyo yenye hatari hiyo.

Sababu yake ni hii. Pombe ni breki ya ubongo. Ukiikanyaga kila siku, ubongo unajitetea kwa kukanyaga mafuta, ili gari litembee hivyo hivyo na breki yake. Fikiria dereva wa daladala aliyezoea kuendesha na hendibreki juu: injini inaunguruma, mwendo ni wa kawaida. Siku ukiishusha hendibreki kwa mpigo mmoja, gari linaruka. Kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho vinaanza jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, kutapika, usingizi kukata. Ndani ya siku mbili za kwanza mtu anaweza kuanguka kama mwenye kifafa. Siku ya pili hadi ya nne, wengine huanza kuona wadudu ukutani, kusikia sauti, kutomtambua mkewe, homa imepanda.

Ni katika hatua hiyo ya mwisho ndipo familia husema "ana mapepo", au "amerogwa na wale aliokuwa anakunywa nao," wakamfungia chumbani. Msimfungie. Mpelekeni hospitali usiku huo huo, na mseme wazi kwamba ni mnywaji na ameacha lini, kwa sababu daktari asipojua hilo atatafuta malaria. Hospitalini kuna dawa za kutuliza ubongo na kuushusha taratibu kwa siku chache, pamoja na vitamini B1 ambayo walevi huwa wameimaliza mwilini. Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili, na hospitali za rufaa za mkoa za Amana, Mwananyamala na Temeke ni za kuanzia kwa walio jirani. Mkutano utamsubiri.

Na kwa pumzi hiyo hiyo: ile dawa inayotangazwa kwenye nguzo za umeme, ya kumwekea mlevi kwenye mchuzi bila yeye kujua, achaneni nayo. Zipo dawa halali zinazomfanya mtu augue vibaya akionja pombe, lakini daktari huzitoa kwa mgonjwa aliyekubali na anayejua hatari yake. Kumtegea mtu ni kumwekea sumu ya saa isiyojulikana.

Ndani ya chumba

Mara ya kwanza shemeji alishindwa na kufuli. Ya pili nilimsindikiza mimi, baada ya kuuliza kwanza kama mkutano ni wa wazi au wa ndani. Wa wazi anaingia yeyote, hata mwanafunzi au ndugu. Wa ndani ni wa wenye tatizo peke yao. Njiani alikuwa ananiuliza swali moja tu.

"Shem, wakisema nisimame nijieleze, je?"

"Sema jina, ukae."

"Na wakinijua?"

Hilo sikuwa na jibu lake.

Tulikuta watu tisa, chupa mbili za chai, feni inayolia. Mama mmoja mwenye miwani ndiye aliyeongoza. Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya mwingine. Ukishajua kikoba kinavyokwenda utauelewa mkutano: uongozi unazunguka, kila mtu na zamu yake, ukisema wengine wanakaa kimya. Ila huku hakuna faini ya kuchelewa, na hakuna anayekukopesha. Ulisomwa ukurasa mmoja, kisha mtu mmoja mmoja akaongea dakika tatu, nne. Hakuna aliyemjibu mwenzake. Hilo lilinishangaza zaidi, maana sisi mtu akisema tatizo, papo hapo tuna ushauri kumi. Pale mtu alisema jana alikaa nje ya baa dakika ishirini, injini inawaka, kisha akaondoka, na wote wakaitikia "asante", ikapita kwa mwingine.

Zamu ilipofika kwa shemeji alisema, "Nimekuja kusikiliza." Wakasema asante vile vile. Kumbe inaruhusiwa. Ile picha ya sinema, mtu anasimama na kutangaza "mimi ni mlevi", ni desturi ya wengi lakini si sharti. Sharti la kuwa mwanachama ni moja: uwe na hamu ya kuacha kunywa. Hawakuulizi umeacha lini. Unaweza kufika na harufu mdomoni, ukakaa ukasikiliza, mradi usivuruge.

Mwishoni kikapu kilipita. Nikaingiza mkono mfukoni kama mgeni mwenye adabu, jirani yangu akakisogeza mbele: "Hiki ni cha wanachama." AA haina kiingilio, na haipokei misaada ya nje, ili asitokee mfadhili wa kuwaendesha. Mia tano mia tano zile ni za chai na pango la chumba.

Jirani yangu huyo alikuwa na kofia ya kiua, na alifika dakika kadhaa baada ya sisi, ametoka kuswali Magharibi. Namtaja kwa sababu ya lile la kanisa. Ni kweli mikutano mingi duniani hufanyika kwenye vyumba vya makanisa, kwa sababu rahisi kwamba makanisa yana vyumba vitupu jioni na hayatozi sana. Ni kweli pia hatua kumi na mbili zinamtaja Mungu, lakini kwa maneno "kama tulivyomwelewa", na kila mmoja anabaki na wake. Kiini cha hatua zenyewe ni kukiri kwamba peke yako umeshindwa, kukubali msaada ulio mkubwa kuliko wewe, kujihesabu makosa bila kuficha, kwenda kwa uliowakosea ukarekebishe inapowezekana, kisha kumshika mkono mwingine. Muislamu anayekunywa Dar anabeba aibu mara mbili, ya pombe na ya dini, na mara nyingi hana mahali pa kuitamka. Asiyetaka lugha ya kidini kabisa anaweza kujaribu SMART Recovery, iliyoanza 1994, ambayo haina hatua wala dua, na ina mikutano mtandaoni.

Freemason je? Kutotaja majina kamili kulianza kwa sababu ya kawaida sana: mtu asifukuzwe kazi kwa kuonekana pale. Hakuna kiapo, hakuna ngazi za siri, maandiko yao yote yanauzwa na kusomwa hadharani, na mkutano wa wazi hata wewe unaingia. Siri gani hiyo yenye mlango uliofunguliwa?

Lakini tusidanganyane kuhusu usiri. Daktari anabanwa na maadili ya kazi yake. Mwanachama anabanwa na neno lake tu. Dar ni kubwa kwenye ramani na ndogo kwenye umbea. Ukiogopa kukutana na jirani, tafuta mkutano wa wilaya nyingine, nauli ni ndogo kuliko wasiwasi. Na ukimkuta huko, kumbuka naye amekukuta. Mwanzoni ongea kijuu juu. Ya ndani kabisa mweleze sponsa.

Sponsa ni mwanachama aliyetangulia, anayekushika mkono mmoja kwa mmoja, unayempigia saa tano usiku kiu ikipanda. Chagua wa jinsia yako. Nasema hivi hasa kwa wanawake, kwa sababu kila chumba chenye watu waliovunjika huvuta pia mtu anayewinda waliovunjika. Sponsa hakutozi, hakukopi, hakuposi. Akikwambia uache dawa za sonona au kifafa alizokuandikia daktari, mpuuze kwenye hilo. AA yenyewe inawaonya wanachama wasijifanye madaktari.

Kuupata, hapa mjini

Tovuti ya kimataifa ya AA ina sehemu ya kutafuta kwa nchi. Ya NA pia. Anzia huko, lakini usifunge safari kabla hujapiga simu au kutuma ujumbe na kujibiwa. Vyumba ni vya kuazima, huhama. Kikundi hufa mwaka huu, kingine kikazaliwa mtaa wa pili. Uliza mambo haya hasa: mkutano bado upo, ni wa wazi au wa ndani, unaendeshwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na saa ngapi, ya Kiswahili au ya Kizungu. Lugha usiidharau. Mtu anaweza kuzungumza Kiingereza safi ofisini na bado akashindwa kulia kwa Kiingereza.

Njia ya pili ni kwa miguu. Nenda hospitali ya rufaa iliyo karibu, ulizia kliniki ya afya ya akili au afisa ustawi wa jamii. Njia ya tatu ni soba hausi: piga uulize kama wana mkutano unaopokea watu wa nje, kwa sababu si lazima ulazwe ndipo ukae nao. Waliomaliza hapo wanajua wenzao wako wapi mjini kuliko tovuti yoyote.

Njia ya nne ni simu yako. Tangu 2020 mikutano ya mtandaoni imejaa, mchana na usiku. Saa za Nairobi ni zile zile za kwetu. London iko nyuma yetu kwa saa mbili au tatu, kutegemea majira yao. Kwa mama mwenye watoto Mbagala, au mtu anayefika nyumbani Kibaha usiku, mkutano wa simuni wenye kamera imefungwa unaweza kuwa ndio pekee unaowezekana. Wamarekani wana msemo wa mikutano 90 kwa siku 90. Unafaa miji yenye mikutano kila mtaa, isiyo na foleni ya Ubungo. Kwa maoni yangu, hapa kwetu mkutano mmoja wa ana kwa ana kwa wiki, na simu moja kwa siku, ni mpango ambao mtu anaweza kuubeba. Jaribu vikundi tofauti kabla ya kusema hii kitu si yangu, kwa sababu vyumba havifanani.

Na kama hamna kabisa karibu? Kwa utaratibu wa AA, wawili au watatu wanaokutana ili wakae bila pombe wanaweza kujiita kikundi, mradi wasiwe tawi la kitu kingine. Siku, saa, viti viwili.

Anayeishi na mnywaji naye ana mlango wake, ile Al-Anon niliyoiahidi. Dada yangu alidhani huko atafundishwa mbinu za kumwachisha mumewe. Aliambiwa maneno matatu: hukusababisha, huwezi kuidhibiti, huwezi kuiponya. Alirudi amekasirika. Wiki moja baadaye aliacha kunusa vikombe na kumpigia mumewe simu kila nusu saa, akaanza tena kulala.

Shemeji ameanguka mara mbili tangu siku ya lile kufuli. Hakufukuzwa; alianza kuhesabu upya siku ya kwanza. Siku hizi ndiye anayepanga viti na kupokea simu za wageni wanaoulizia njia, na kabla hajataja kituo cha kushukia huwauliza saa zao wanahesabuje.